Mikono Ishirini na Sanamu Moja



Kila mwaka, unapofika mwezi wa Machi, king'ora hulia katika mji mdogo wa Nome, ulioko pwani ya magharibi ya Alaska huko Marekani. Kinapolia, watu hutoka madukani na majumbani, hata ikiwa ni usiku wa manane, wakajipanga pande mbili za njia kuu iliyofunikwa na theluji. Hawatoki kumpokea mtawala wala mcheza mpira. Wampokea mtu mmoja aliyechoka, amesimama nyuma ya sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kiendacho kwa kuteleza juu ya theluji, naye avutwa na kundi la mbwa walioanza safari yao maili kama 1,000 kutoka hapo. Haya ndiyo mashindano yaitwayo Iditarod, yaliyoanza mwaka 1973. Mji wenyewe hauna hata watu 4,000, wala hakuna barabara inayouunganisha na miji mikubwa ya jimbo lake.

Huenda msomaji akauliza: Sisi watu wa minazi na bahari ya joto, tuna nini na mbwa wa Alaska? Jibu ni kwamba mbwa hao wamekwisha ingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Wameingia kwa filamu. Ya kwanza ni "Balto", filamu ya katuni iliyotoka mwaka 1995, nayo ina mashindano ya mbwa yanayoingia katika mji huo huo wa Nome. Ya pili ni "Togo", iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2019, ambamo Willem Dafoe ndiye mchezaji mkuu. Zote mbili zasimulia kisa kimoja cha kweli cha mwaka 1925. Watoto wamezitazama, wamelia, na wamewapenda mbwa hao. Basi ni haki yetu, bali ni wajibu wetu, kuuliza: Filamu hizi zawafundisha nini watoto wetu juu ya kumpa mtu haki yake?

Kwanza tuondoe jambo ambalo wazee wengi hulitanguliza. Wako wanaosema, "Filamu ya kumtukuza mbwa haifai nyumbani kwa Mwislamu." Twawaheshimu kwa ghera yao, walakin hoja hii haitoshi. Ni kweli kwamba sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi katika mwambao huu twahesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, na twajua namna ya kujitoharisha. Lakini unajisi wa mate si ruhusa ya kumdharau kiumbe wala kumdhulumu. Vijana wa Pangoni walikuwa na mbwa wao, naye ametajwa pamoja nao ndani ya Qurani. Na nani kati yetu hakufundishwa chuoni kisa cha yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu? Kwa hiyo kosa la filamu hizi, kama lipo, halimo katika kumsifu mbwa. Tulitafute mahali pengine.

Na ili kulipata, lazima tukijue kisa chenyewe.

Mwezi wa Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulizuka Nome, ukaanza kuwaua watoto. Mji ulikuwa na watu kama 1,400 na daktari mmoja, Curtis Welch, na dawa aliyokuwa nayo ilikuwa imepitwa na muda. Bahari ilikuwa imeganda, meli hazipiti mpaka majira ya joto. Dawa, yuniti 300,000, ilipatikana katika hospitali ya Anchorage, ikachukuliwa kwa gari moshi mpaka Nenana, na hapo reli ikawa imeuacha mji wa Nome mbali. Zilibaki maili 674 za theluji, mito iliyoganda, na baridi iliyoshuka mpaka nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. Ikaamuliwa kwamba dawa ipokezanwe na waendesha mbwa, mmoja hata mmoja, usiku na mchana.

Usiku wa tarehe 27 Januari, William Shannon aliipokea Nenana akaondoka. Alipofika mwisho wa zamu yake uso wake ulikuwa umeungua kwa baridi, na baadhi ya mbwa wake wakafa. Akampokea Edgar Kalland, kijana wa Kiathabaska, ambaye yasimuliwa kwamba mikono yake iliganda juu ya mpini wa sleji hata ikambidi mtu amwagie maji ya moto ili impate kubanduka. Kisha wakafuata wengine: Dan Green, Johnny Folger, Sam Joseph, Titus Nikolai, Dave Corning, Harry Pitka, Bill McCarty. Edgar Nollner akaipokea, akampa nduguye George. George akampa Charlie Evans. Mbwa wawili wa mbele wa Evans walianguka kwa baridi, naye akajifunga kamba badala yao, akavuta pamoja na waliobaki mpaka kijiji cha Nulato. Hapo akaichukua Tommy Patsy, kisha mtu wa Koyukuk aliyeitwa Jackscrew, kisha Victor Anagick aliyeifikisha Unalakleet, kijiji cha kwanza penye bahari. Myles Gonangnan akaipeleka Shaktoolik katikati ya dhoruba, na Henry Ivanoff akaipokea.

Upande wa pili alikuwa akija Leonhard Seppala, Mnorwe aliyekuwa hodari kupita wote, na mbele ya mbwa wake alikuwa Togo, mbwa mdogo wa umbo aliyekwisha timiza miaka 12. Seppala alikuwa na binti mmoja tu, naye yumo Nome penye maradhi. Alikwenda maili 170 kuifuata dawa. Alikuwa karibu kumpita Ivanoff njiani bila ya kujua, mpaka Ivanoff alipompigia kelele kwamba dawa anayo yeye. Akageuka nayo, akaichukua maili 91, akiukata mlango wa bahari wa Norton juu ya barafu usiku wa tufani. Wengi katika wenziwe walikwenda maili 30 hivi kila mmoja. Seppala akampa Charlie Olson, Olson akampa Gunnar Kaasen. Upepo ukaipindua sleji ya Kaasen, dawa ikaanguka ndani ya theluji, akaitafuta kwa mikono mitupu mpaka akaipata. Alfajiri ya tarehe 2 Februari aliingia Nome. Mbele ya mbwa wake alikuwa Balto.

Hao ni watu ishirini, ndugu msomaji. Nimewataja wote kwa makusudi, na nitaeleza sababu.

Wanazuoni wetu walipokusanya hadithi za Mtume (S.A.W.) hawakutosheka na yule aliyewafikishia maneno mlangoni. Waliuliza: Wewe umepokea kwa nani? Na yeye alipokea kwa nani? Wakaandika kila jina, mkono baada ya mkono, mpaka mwanzo. Hiyo ndiyo sanadi. Na ikiwa mpokezi mmoja tu amekosekana katikati, walisema sanadi imekatika, na habari ikahesabiwa dhaifu hata kama maneno yake ni mazuri. Hatukilinganishi kisa cha mbwa na hadithi ya Mtume, hasha! Lakini adabu ile ya wanazuoni ni mizani njema ya kupimia kila jambo la kheri lililopita mikononi mwa wengi. Basi tuzipime filamu zetu mbili kwa mizani hiyo.

Filamu ya "Balto" imeikata sanadi yote. Watu ishirini hawamo. Kuna safari moja, kundi moja la mbwa, na mwendeshaji mmoja ambaye agongwa kichwa akazimia, ili mtu asimsumbue mbwa katika ushujaa wake. Balto mwenyewe amefanywa chotara wa mbwa-mwitu anayebaguliwa na wenziwe, hali ya kuwa Balto wa kweli alikuwa mbwa wa Siberia wa kuvuta mizigo, mali ya Seppala huyo huyo, ambaye hakumchagua kwenda naye siku hiyo. Watasema, "Hii ni katuni ya watoto." Nasi twajibu kwamba mtoto ndiye anayestahiki kuambiwa kweli kuliko mtu mzima, kwa kuwa mtu mzima aweza kuisahihisha, na mtoto hujenga juu yake.

Lakini filamu hiyo haikuuzua uongo wake kutoka hewani. Iliurithi. Mwaka 1925 magazeti yalimtaka shujaa mmoja, na shujaa aliye karibu na kamera ni yule aliyefika mwisho. Kabla ya mwaka kwisha, mwezi wa Desemba, sanamu ya Balto ilisimamishwa katika bustani ya Central Park mjini New York, na ipo mpaka leo. Maandishi ya chini yake kwa insafu yawataja mbwa wote waliopokezana dawa. Walakin hayamtaji mtu hata mmoja. Na anayepita haoni maandishi, aona mbwa mmoja wa shaba, na mgongo wake unang'aa kwa kupandwa na watoto.

Wala tusidhani kwamba sifa ile ilimfaa Balto. Miaka miwili haikupita, yeye na wenziwe walikuwa wamefungwa katika nyumba ya maonyesho huko Los Angeles, watu wakilipa kuwatazama, na hali yao mbaya. Mfanyabiashara mmoja wa Cleveland, George Kimble, aliwaona akaona haya, na mwaka 1927 watu wa mji wake, wakiwamo watoto wa shule, walichanga fedha wakawakomboa. Filamu haikulisema hilo. Nami naona hapo ndipo palipokuwa na filamu nzuri zaidi: senti za watoto zilizomtoa kifungoni mnyama ambaye wakubwa walikwisha msifu wakamsahau.

Sasa tuje kwa "Togo". Hii ni kazi bora zaidi, na tutakuwa madhalimu tusiposema hivyo. Yasimulia jinsi mbwa yule alivyozaliwa dhaifu, jinsi bwana wake alivyomwona hana faida, akamtoa kwa watu, naye akavunja dirisha akarudi. Yaonyesha uzee wa mbwa na wa mtu pamoja, na mke ambaye aona mapema kuliko mumewe. Dafoe acheza kwa uso wake kuliko kwa maneno. Nia ya filamu ni njema pia: yataka kumrudishia Togo haki iliyochukuliwa na Balto. Waswahili husema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Seppala mwenyewe aliumia kwa jambo hili mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba magazeti yalimpa mbwa mwingine sifa za Togo.

Hata hivyo, itazame filamu kwa makini. Imemwondoa shujaa mmoja juu ya kiti, ikamweka shujaa mwingine mmoja. Kiti ni kile kile! Wale waliobaki bado wamesimama nje mlangoni. Wenyeji wa nchi hiyo waonekana kwa uchache, pembeni, lakini mwendo wote wa kisa ni wa mzungu mmoja na mbwa wake. Iko sehemu ambapo Seppala yuko juu ya barafu inayopasuka, naye apaza sauti kwa maneno ya Shakespeare juu ya undugu wa watu wachache waliokwenda vitani pamoja. Ni sehemu ya kusisimua. Lakini tazama: mtu ahubiri undugu wa wapiganaji, na ndugu wenyewe hawaonekani! Charlie Evans aliyevuta sleji kwa kifua chake yuko wapi? Gonangnan wa Unalakleet yuko wapi?

Wengi katika wale ishirini walikuwa wenyeji: Waathabaska wa mitoni na Wainuiti wa pwani. Njia zile zilikuwa zao, na elimu ya kuzipita ilikuwa yao kabla ya mgeni yeyote. Edgar Nollner ndiye aliyebaki duniani nyuma ya wenziwe wote, akafariki mwaka 1999. Yaani "Balto" ilipotoka mwaka 1995, mtu aliyeishika dawa ile kwa mikono yake alikuwa bado hai, na filamu haikuwa na nafasi yake. Na si wachukuzi tu waliosahauliwa. Hesabu rasmi ya waliokufa Nome kwa dondakoo haizidi watu 7, lakini Dk. Welch mwenyewe aliamini kwamba wengine wengi walikufa katika kambi za wenyeji nje ya mji, ambao hakuna aliyewahesabu. Mbwa ana sanamu. Maiti wa mwenyeji hana hata tarakimu.

Hapa ndipo penye kosa tulilokuwa tukilitafuta. Filamu hizi hazikosei kwa kumpenda mnyama. Zakosea kwa kuufanya upendo wa mnyama kuwa pazia la kumfunika mtu. Kumsifu mbwa ni rahisi: hadai mshahara, haulizi ardhi yake imekwenda wapi, wala hana mjukuu atakayekuja kusema, "Babu yangu naye alikuwapo."

Turudi sasa kwenye mashindano, maana nayo ni kama kitabu chenye kusomwa. Wengi hudhani kwamba Iditarod yalianzishwa kuwa ukumbusho wa dawa ya 1925. Joe Redington, aliyeyasimamisha, alikuwa na haja nyingine zaidi: aliona pikipiki za theluji zimewaondoa mbwa vijijini, akataka kuwahifadhi mbwa hao na njia yao ya kale. Hiyo ni haja ya kuheshimiwa. Lakini mashindano nayo yana doa lake. Mbwa hufa njiani; mwaka 2024 walikufa watatu. Mwaka 1925 mbwa walikufa pia, na filamu zetu hazipendi kukaa sana juu ya hilo. Walakin mbwa aliyekufa akiwachukulia watoto dawa, na mbwa aliyekufa akimchukulia bwana wake zawadi ya fedha, hali zao si moja. Ya kwanza ni dharura. Ya pili ni mchezo, na mwenye kumtumia mnyama katika mchezo ataulizwa zaidi kuliko aliyelazimika.

Pamoja na doa hilo, mji mdogo wa Nome una desturi moja ambayo naiona ina hekima kuliko filamu zote mbili. Zamani, nyumba za wageni zilizokuwa njiani zilikuwa zikitundika taa nje mtu alipokuwa safarini, ili aione njia, na ili wote wajue kwamba yuko mmoja bado hajafika. Siku hizi, mashindano yaanzapo, taa huwashwa Nome ikatundikwa penye mwisho wa safari. Mshindi aweza kufika, akapigiwa makofi, akala, akalala. Taa haizimwi. Yangoja mpaka yule wa mwisho kabisa afike, naye pia hupewa tuzo yake, taa nyekundu. Katika mashindano ya kwanza ya 1973 mshindi, Dick Wilmarth, alitumia siku 20. Wa mwisho alifika baada ya siku 32. Tofauti yao ni siku 12, na wote wawili wameandikwa.

Hiyo ndiyo insafu ambayo filamu zimeikosa. Taa haiulizi nani hodari. Yauliza nani hajahesabiwa.

Na sisi tusijione tu wema kuliko watu wa magazeti ya 1925. Harusi ikipendeza twamsifu bwana harusi na kadi yake, na wanawake waliokesha jikoni hatuwajui. Msikiti ukijengwa huandikwa jina la aliyetoa pesa nyingi, na fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa hana kibao. Mtoto akihitimu twampongeza mwalimu wa mwisho, na yule wa chuoni aliyemshika mkono kuandika alifu twamwacha na bakora yake na uzee wake. Wazee walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa," na wakasema tena, "Usisahau ubaharia kwa unahodha." Maneno haya twayajua sote kwa ulimi.

Basi nasaha yangu kwa mzazi ni hii. Usiizime filamu ya "Togo" mtoto anapoitazama. Kaa naye uitazame. Mpende mbwa pamoja naye, maana huruma kwa kiumbe ni kheri. Hata ile ya "Balto", akiipenda, usimpokonye. Lakini zikiisha, mwambie: "Mwanangu, hukuonyeshwa wote. Walikuwa watu ishirini." Kisha mtajie Edgar Kalland na mikono yake iliyoganda, na Charlie Evans aliyejifunga kamba, na Henry Ivanoff aliyepiga kelele katika tufani ili dawa isipite. Akikuuliza ni nani kati yao aliyewaokoa watoto wa Nome, usimjibu kwa jina moja. Na akishalala, fikiri nawe: katika kheri iliyokufikia leo, ni mikono mingapi iliyoishika kabla yako, na ni mingapi umeikumbuka katika dua zako?

Wabillahi tawfiq.